Msafiri wa basi la usiku, usijinyime maji

Tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku hapa Tanzania, wengi tumeuzoea usafiri huo. Mtu anapanda basi Mwanza mchana, asubuhi yuko Dar es Salaam. Ni nafuu kubwa. Lakini ni zaidi ya kilomita 1,000 mtu akiwa amekaa mahali pamoja, na hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo.

Mama mmoja wa makamo aliletwa na binti yake kwenye zahanati ninayofanyia kazi. Alikuja Dar kwa akika ya mjukuu wake. Siku ya tatu baada ya kushuka basi, mguu wa kushoto ulivimba, kigimbi kikawa kinauma na kina joto. Nyumbani walishamchua kwa mafuta siku mbili. Nilipomuuliza alikunywa nini njiani, akanijibu: "Mwanangu, tangu Mwanza sikutia hata tone mdomoni. Mtu mzima kama mimi nisimame mbele ya watu, nimwambie konda nataka kuchimba dawa?"

Tulimpeleka hospitali, akapimwa, ikaonekana damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Alipewa dawa, na alhamdulillah alipona.

Kwa nini hutokea hivyo? Damu ya miguuni hupandishwa kuelekea moyoni kwa msaada wa misuli ya vigimbi. Ukitembea, misuli hiyo huikamua mishipa na damu hupanda. Ukikaa saa nyingi magoti yamekunjwa, damu hutuama, na inaweza kuganda. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa safari ya kukaa saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, basi, gari au treni, huongeza hatari hii takriban maradufu. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari bado ni ndogo. Ni kubwa zaidi kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mgonjwa wa saratani, mnene kupita kiasi, anayetumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, na aliyewahi kuganda damu. Hawa wamuone daktari kabla ya safari.

Balaa yenyewe ni pale bonge la damu linapochomoka na kwenda kwenye mapafu. Basi ukiona mguu mmoja umevimba na unauma baada ya safari, usiuchue wala kuukanda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukibanwa pumzi ghafla, kifua kikachoma unapovuta hewa, au ukakohoa damu, usisubiri hata saa moja.

Kujinyima maji na kubana mkojo kuna madhara mengine. Mkojo unaokaa muda mrefu huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana, na akina mama ndio wanaougua zaidi maradhi ya njia ya mkojo.

Ufanye nini? Kwanza, kunywa maji kidogo kidogo njia nzima. Pili, kila baada ya muda inua visigino, kisha vidole, mara 20 au 30, hata ukiwa umekaa. Tatu, basi likisimama, shuka utembee. Nne, usimeze dawa za usingizi, kwani zitakulaza bila kujigeuza. Tano, dawa za presha na sukari ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti.

Beba pia chupa ya maji ya kustanjia, kipande cha sabuni na kanga ya kujisitiri. Na tukichimba dawa, tusifanye njiani, kivulini wala penye maji. Adabu hiyo tuliifundishwa chuoni, na hospitali nako tunaijua faida yake: kipindupindu huanzia huko huko.

Kuhusu swala, sheria imeshatupunguzia mzigo. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, hivyo Magharibi na Isha huswaliwa pamoja kwenye kituo kimoja. Alfajiri haikusanywi na nyingine, basi elewaneni na dereva mapema. Na tukumbuke kuwa ni makuruhu mtu kuingia kwenye swala huku amebanwa na haja, ikiwa wakati ungalipo. Ikiwa mbele ya Mola wetu tumeambiwa tujisaidie kwanza, vipi tujitese kwa kumwonea haya konda?

Haya ni jambo tukufu. Lakini wanawake wa Kiansari hawakuzuiwa na haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) mambo ya tohara zao. Haya isiyotuacha tukalinda mwili na swala si ile tuliyofunzwa.

Wewe kijana unayemkatia mama tiketi, mchagulie siti ya pembeni mwa njia ili anyanyuke kwa urahisi. Uliza kama basi lina choo na litasimama wapi. Kisha mfuate konda, umwambie: "Huyu ni mama yangu, akihitaji kushuka msimamishie gari." Sema wewe, ili yeye asilazimike kusema.

Allah atufikishe salama. Wabillahi tawfiq.