Kabla ya kurudisha ufunguo

KUHAMA nyumba ya kupanga huonekana jambo dogo: funga mizigo, ita gari, ondoka. Lakini Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado, jambo hilo linaweza kuvunja undugu wa miaka mingi.

Sababu zinaeleweka. Mocímboa da Praia ilishambuliwa kwa mara ya kwanza Oktoba 5, 2017, ikatekwa Agosti 2020 na kukombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Agosti 2021. Palma ilivamiwa Machi 24, 2021. Maelfu walikimbia wakaacha nyumba zao. Mtu anaporejea, anaweza kukuta ndani yumo mpangaji aliyewekwa na ndugu, au mkimbizi mwenzake aliyejisitiri tu. Wapo pia wafanyabiashara kutoka Mtwara, wanaovuka Ruvuma kwa kivuko au kwa Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010, wanaohitaji chumba cha kulala na kuwekea bidhaa.

Siku ya kuhama inapofika, maswali huanza. Kitasa kavunja nani? Bati lililong'oka alipe nani?

Kanuni ya Kiraia ambayo Msumbiji iliirithi kutoka Ureno, ya mwaka 1966, inajibu katika kifungu cha 1043. Mpangaji anarudisha nyumba katika hali aliyoipokea, ukiondoa uchakavu wa matumizi ya kawaida. Pasipo maandishi yanayoeleza hali ya nyumba siku ya kukabidhiwa, huchukuliwa kwamba aliipokea ikiwa nzima. Hapo ndipo asiye na karatasi anapoumia. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Chokaa iliyofifia na makuti yaliyochakaa kwa mvua ni uchakavu wa kawaida. Mlango uliong'olewa au ukuta uliotobolewa kupanua stoo si uchakavu. Matundu ya risasi na paa lililoezuliwa na Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 si deni la mpangaji pia, ila ni juu yake kuonyesha kwamba si yeye aliyesababisha. Shahidi jirani ni mali.

Basi pande zote mbili zifanye nini? Mpangaji atoe taarifa mapema, kwa maandishi. Mizigo ikishatoka, wakague pamoja chumba kwa chumba: paa, milango, vitasa, choo, kisima, mita ya umeme. Waandike walichokiona kwa lugha wanayoielewa wote wawili, waweke sahihi mbele ya katibu wa mtaa au mzee anayeheshimika. Kama mpangaji aliezeka bati kwa fedha yake, wakubaliane kabla hajapanda juu kuling'oa. Amana ikirudishwa, stakabadhi iseme ni metikali au shilingi, kwa maana bei ya kubadilisha fedha mpakani haitulii.

Mwenye nyumba naye ana kazi. Abadilishe kitasa, afukue vichuguu vya mchwa, azibe paa kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Nyumba iliyokaa tupu wakati wa vita isifagiliwe kwa pupa: ukiona chuma usichokijua, usikiguse, waite askari.

Na aliyepoteza hati katika moto asikate tamaa. Ardhi ya Msumbiji ni ya Taifa, lakini Sheria ya Ardhi namba 19 ya 1997 inamtambua raia aliyeitumia kwa nia njema kwa miaka 10, hata bila hati, na ushahidi wa wanajamii unakubaliwa. Kwa hiyo zile stakabadhi za kodi azitunze. Zinaonyesha nani alikuwa mwenye nyumba na nani alikuwa mpangaji.

Atakayehama leo huenda kesho akarudi kutafuta chumba. Ufunguo ukabidhiwe kwa mkono, mbele ya watu, si kuachwa chini ya jiwe.