Kina Mama wa Kokoto na Haki Zao

Ukisikia habari za wachimbaji wadogo usifikirie dhahabu ya Migori pekee. Huku kwetu Ukambani mali ya ardhini ni mchanga na mawe. Hapa Kikima nimewaona kina mama wakigonga mawe kwa nyundo tangu asubuhi, mpaka kokoto zijae debe.

Mbona basi faida ni ndogo? Kwanza, shamba lenye mawe mara nyingi huandikwa jina la mwanamume. Pili, kila mama huuza peke yake, kwa hivyo mwenye lori ndiye hutaja bei. Mmoja akikataa, lori huenda kwa jirani. Je, wote wakikataa, litaenda wapi?

Sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yampa mwanamke nafasi sawa ya kiuchumi. Sheria ya Madini ya 2016 yawatambua wachimbaji wadogo, na wanaweza kuomba kibali cha hadi miaka 3 wakiwa kikundi.

Wanafunzi wenzangu, sisi tunajua kusoma. Tuwasomee mama zetu sheria hizi, tuwasaidie kujaza fomu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho kipate bei ya haki!