Kipande, Ngwe na Walengwa: Istilahi za Usimamizi wa Kazi Handeni na Korogwe

Makala haya yanahusu istilahi chache za usimamizi wa miradi zilizotutoa jasho tulipokuwa tukitayarisha rasimu ya kijitabu cha viongozi wa vikundi vya kazi. Tulipofikia dhana ya kazi kubwa inayogawanywa, kila sehemu ikiwa na mtu wake na muda wake, tuliandika bila kusita: kipande cha kazi. Kwa sarufi hatukukosea. Lakini rasimu iliposomwa mbele ya wazee wa Korogwe palizuka mnong'ono, ikatupasa kujifunza upya neno tulilodhani tunalijua.

Korogwe ni nchi ya mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika huko mwaka 1902, na mashamba kama Ngombezi na Magunga yakavuta vibarua kutoka mbali, walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mkata mkonge alipotimiza mafungu ya majani aliyopangiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Asipotimiza, siku hiyo haikuhesabiwa, hata kama alishinda juani. Mshahara ulingoja nafasi zote zijae. Aliyemsimamia ni mnyapara, cheo kilichotoka katika misafara ya Wanyamwezi ya karne ya 19, kikaingia mashambani na hatimaye magerezani.

Haki isemwe: kipande kilikuwa na ubora ambao ofisi nyingi za leo hazina. Mkataji alijua kazi yake inaishia wapi, na aliye mwepesi aliweza kurudi kambini mapema. Kasoro ni kwamba kipimo kilitoka upande mmoja tu. Mkataji hakuulizwa kama mkonge wa kitalu kile ni mfupi, au umesongwa na magugu.

Wakulima wa jembe, Handeni na kwingineko, wana neno jingine: ngwe. Hii nayo ni sehemu ya kazi iliyopimwa, ila katika kazi ya pamoja, ambayo wengi mkoani Tanga huiita msaragambo, hupimwa mbele ya walimaji wenyewe. Ngwe ikiwa na visiki, huonekana na kila mtu, na mpaka huweza kusogezwa hapo hapo. Basi tukafuta kipande, tukaandika ngwe. Na mpango unaporekebishwa kazi ikiwa inaendelea, tukapendekeza kusogeza mpaka wa ngwe. Wapo walioona kwamba hili ni neno la shambani, halifai ofisini. Hatukukubaliana nao. Mradi lenyewe lilikuwa na maana ya nia au kusudi tu kabla ya kuvishwa mabomba na saruji.

Walengwa lilitusumbua zaidi. Handeni ni wilaya yenye shida ya maji ya miaka mingi, na bomba kuu lililojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi katika miaka ya 1970 huyachukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe. Mnywaji wa Handeni anategemea pampu asiyoiona, katika wilaya isiyo yake. Katika maandishi ya miradi ya namna hiyo mnywaji huitwa mlengwa. Sasa, kulenga ni kazi ya mwenye upinde. Mlengwa husimama akingoja mshale. Mtu huyo huyo hutarajiwa kuchanga fedha na kulinda bomba, na Sera ya Maji ya 2002 iliwataka wananchi wa vijijini wamiliki na kuendesha miradi yao. Jina lenye kauli ya kutendwa halimtayarishi kwa wajibu huo.

Tuliandika wenye mradi. Mwenzetu mmoja akaonya kwamba jina hilo laweza kuwa pambo tu, na mfadhili akabaki na funguo. Kweli, kwa hiyo tuliongeza kwamba kila panapotajwa wenye mradi, atajwe pia nani ashike funguo za pampu na nani atunze daftari la fedha.

Msimamizi limetushinda hadi sasa. Mratibu linamfaa anayeunganisha wilaya mbili, lakini si yule anayesimama na watu mtaroni, na masikioni mwa wazee wa mkonge msimamizi ni mnyapara aliyevaa viatu. Msomaji mwenye neno bora na atuandikie.