Kuunda Maktaba ya Hunspell: Fursa kwa Mwanamofolojia

Mwanafunzi aandikapo tasnifu ya Kiswahili huku Kericho, tarakilishi isiyo na data ya lugha hii hupigia mstari mwekundu hata neno "wachumao". Makala haya yanaeleza namna ya kuunda Hunspell, maktaba huria ya kukagua tahajia, kutokana na msimbo asilia.

Msimbo ni jani bichi la chai. Kompaila ndiyo kiwanda. Kwanza, andaa kompaila ya C++, autoconf, automake na libtool. Pili, ndani ya folda ya msimbo, andika autoreconf -vfi, kisha ./configure, ambayo huhakiki mahitaji ya mashine. Tatu, make huugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Hatimaye, sudo make install huiweka maktaba mahali pake, na sudo ldconfig huufahamisha mfumo wa Linux.

Hata hivyo, maktaba yenyewe haijui Kiswahili. Huhitaji faili mbili: .dic ya maneno na .aff ya kanuni za viambishi. Hunspell iliundwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha yenye viambishi tamati vingi. Kwa kawaida hubandua kiambishi awali kimoja tu, ilhali "hawakuchumiwa" lina vitatu: ha-, wa- na ku-. Yabidi basi kanuni iviunganishe kuwa "hawaku-". Kazi hiyo si ya mhandisi pekee. Ni yetu pia.