Kuelewana na Kupatana: Tofauti za Lugha katika Kazi ya Pamoja, Bungoma na Kitale

Kitenzi "kuelewana" kina maana mbili katika Kiswahili, na aghalabu msemaji hazitengi. Maana ya kwanza ni ya kiisimu: watu wawili huelewana iwapo kila mmoja huyafahamu maneno ya mwenziwe. Maana ya pili ni ya kijamii: watu huelewana iwapo wamepatana, nao huishi au hufanya kazi pamoja bila ugomvi. Asemaye kwamba yeye na jirani yake hawaelewani hana maana kuwa jirani huyo huzungumza lugha ngeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika kazi za ushirika maana hizi mbili zimechanganywa, tena na wataalamu, na kwamba mchanganyo huo umeleta hasara. Ushahidi umechukuliwa Bungoma na Kitale, magharibi ya Kenya, ambako kila moja ya maana hizi huweza kuonekana pasipo nyingine.

Yafaa kwanza kueleza mahali penyewe. Katika Bungoma wenyeji walio wengi ni Wabukusu, na pamoja nao Watachoni upande wa Webuye. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon wako Wasabaoti, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikalenjin, na kuelekea mpaka wa Uganda wako Wateso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti pia lakini ya tawi jingine. Kitale, mji mkuu wa Trans Nzoia, una historia tofauti. Ardhi yake ilikuwa ya walowezi wa Kizungu. Waafrika wengi waliingia humo kama vibarua, na baada ya uhuru mwaka 1963 wengine wakaja kununua au kugawiwa mashamba. Kwa hiyo katika Trans Nzoia hukutana Waluhya wa kila namna, Wasabaoti, Wapokot, Wanandi, Waturkana, Wakikuyu na wengineo. Watu hawa huunda vikundi vya kina mama, vyama vya akiba na mikopo, vyama vya ushirika wa maziwa na kahawa, na kamati za maji na za shule. Nasaha wanayopewa mara kwa mara na viongozi ni kuwa waache tofauti zao ili kazi iende. Nasaha hiyo ina nia njema, lakini imekwisha kujaribiwa katika jambo la lugha, na matokeo yake yanajulikana.

Jaribio lenyewe ni lile la kusanifisha Kiluhya. Jina "Abaluyia" lilianza kupata nguvu katika miaka ya 1930, wakati viongozi wa jamii nyingi ndogo za wilaya iliyoitwa North Kavirondo walipotafuta jina moja lao wenyewe, badala ya lile walilopewa na wageni. Wakati huo wamisionari walikuwa wamekwisha kuigawa nchi. Waquaker kutoka Marekani, waliofika Kaimosi mwaka 1902, waliandika Lulogooli, lugha ya kusini. Waanglikana wa CMS walishughulikia lahaja za kati. Agano Jipya la Lulogooli lilitoka mwaka 1925, na lile la Luhanga, yaani lahaja ya Wanga, likatoka mwaka 1939. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Luluyia, ambayo mtaalamu wake mkuu alikuwa L. L. Appleby wa CMS. Kazi ya kamati ilikuwa kupata tahajia moja na hatimaye lugha moja ya vitabu kwa jamii zote.

Hoja ya kamati ilikuwa hoja ya kuelewana kwa maana ya kwanza. Lahaja hizi zinafanana. Kwa hiyo tukizikusanya, wenyewe watakusanyika. Kwa hakika zinafanana. Tazama namna watu wanavyojiita: Avalogooli, Abawanga, Babukusu. Mwanaisimu huona hapo kiambishi awali kimoja cha ngeli ya watu. Lakini mwenye lugha huona zaidi ya hapo. Walogooli wamezoea kuandika v mahali ambapo wengine huandika b. Wawanga huanza kwa irabu. Wabukusu huanza kwa konsonanti. Kitenzi-jina cha Lulogooli huanza kwa ku-, cha Oluwanga kwa okhu-, cha Lubukusu kwa khu-. Kuku ni ingoko kwa Mlogooli, ingokho kwa Mwanga, engokho kwa Mbukusu. Mti ni omusala kwa Oluwanga, bali Lubukusu husema kumusala, na hapo ngeli ya tatu imehifadhi umbo kamili ambalo lahaja nyingine zimelipunguza. Ng'ombe ni ing'ombe kwa wengi, lakini Mbukusu humwita ekhafu, na neno hilo halipatikani kwa kubadili herufi.

Sasa kamati ifanye nini? Iliegemea lahaja za kati, kama za Wanga, Marama na Kisa, ikatumaini kuwa walio pembeni wangesogea. Wa pembeni hawakusogea. Walogooli walikuwa na kitabu chao tayari, nao waliendelea nacho hadi Biblia yao nzima ikatoka mwaka 1951. Wabukusu walikuwa katika hali ngumu zaidi: wale waliokuwa chini ya misheni ya Waquaker walikuwa wamesomeshwa kwa vitabu vya Lulogooli, na sasa waliletewa lugha ya pili isiyo yao. Wao wakadai vitabu vya Lubukusu. Sarufi ya Appleby ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1961, na Biblia ya Luluyia ilipatikana katika miaka ya 1970, lakini Luluyia sanifu halikuwa lugha ya Waluhya wote, na mpaka leo si hivyo.

Wako waliosema kuwa huo ulikuwa ukaidi wa kikabila. Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Mbukusu aliyekataa kitabu cha kamati hakukataa kuwa Mluhya, wala hakudai kwamba hakielewi kabisa. Watu hawa ndio waliokuwa wakiitwa Kitosh na majirani na serikali, jina wasilolipenda. Kwao kuandika "Babukusu" kwa herufi zao lilikuwa jambo la heshima kabla ya kuwa jambo la sarufi. Kamati iliwahesabu kama tofauti ya kusawazishwa. Haikuwauliza Lubukusu lilikuwa na nini ambacho lahaja za kati zilikuwa zimekipoteza, ingawa kumusala lilikuwa mbele yake.

Hapa msomaji atakumbuka Kiswahili chenyewe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 ikakisanifisha. Wenye Kimvita walinung'unika, na walikuwa na haki. Hata hivyo Kiunguja kilikuwa lugha hai ya watu fulani, na kilikwisha kuenea bara kwa biashara, tena kilisukumwa na shule za serikali. Luluyia la kamati lilikosa mambo haya. Lilikuwa wastani, na wastani hauna mama wala nyanya wa kumrekebisha msemaji anapokosea. Union Igbo ya Nigeria, iliyotumiwa katika Biblia ya mwaka 1913, ilipatwa na shida ya namna hiyo hiyo.

Rachel Angogo Kanyoro, katika uchunguzi wake wa lahaja za Waluhya uliochapishwa mwaka 1983, alichagua jina la kitabu lenye maana ya umoja katika tofauti. Jina hilo limetajwa mara nyingi mno, hata likawa kama salamu, lakini uchunguzi wa namna hii una funzo kali zaidi: kuelewana kati ya lahaja huwa kwa viwango, na hakulingani pande zote mbili. Aliyesafiri, au aliyesoma vitabu vya jirani, humwelewa jirani kuliko jirani anavyomwelewa yeye. Kwa hiyo katika kundi linalosema "sote twaelewana", yafaa kuuliza ni nani aliyebeba mzigo wa kujifunza. Mquaker wa Bungoma aliyesoma Injili kwa Lulogooli alikuwa ameubeba. Je, Mlogooli alibeba upi?

Tuje sasa kwenye upande wa pili, ambako lugha za mama hazielewani hata kidogo. Lubukusu ni Kibantu, Kisabaoti ni Kiniloti. Sarufi zao hazina nasaba. Pamoja na hayo Wabukusu na Wakalenjin wameshirikiana katika taasisi iliyo ya ndani kabisa, nayo ni rika. Marika ya Wabukusu ni Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yalinganishe na ya Wakalenjin: Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Majina yamevuka mpaka wa jamii za lugha, nayo yamevaa sauti za kila upande. Rika lilikuwa kundi la kazi kwa kila maana: vijana walitahiriwa pamoja, wakachunga, wakapigana, wakajenga na kuzeeka pamoja. Hakuna kamati iliyokaa kusawazisha majina hayo. Kila upande ulisema kwa ulimi wake, na mpangilio wenyewe ukawa ndio unaotambulikana.

Isidhaniwe kuwa ushirika huo ulikuwa kinga ya kila jambo. Mwaka 1992 watu waliuana na kufukuzana katika Trans Nzoia na Mlima Elgon, na kuanzia mwaka 2006 hadi 2008 mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji na baadaye operesheni ya jeshi. Katika mgogoro huo wa Chebyuk Wasabaoti walipigana hata wao kwa wao, watu wa lugha moja. Chanzo kilikuwa ardhi na siasa. Anayelaumu wingi wa lugha kwa mauaji hayo hana ushahidi.

Katika Kitale ya leo daraja la kila siku ni Kiswahili, na wengi husema kwamba tatizo limekwisha. Halijaisha, limehama. Kiswahili hutoa njia ya kusemea, lakini hakiwafanyi wote wawe sawa mbele ya kikao. Tuchukue jambo dogo la matamshi. Katika Lubukusu sauti d na g hupatikana baada ya nazali tu, kama katika nd na ng, na herufi b peke yake huwakilisha sauti laini ya midomo. Kwa sababu hiyo Mbukusu mzee huweza kusema "kari" kwa gari. Wakalenjin nao hawana tofauti ya kifonimu kati ya k na g, au t na d, hivyo Msabaoti naye husema "kari". Watu wawili wa jamii mbalimbali za lugha wamefika mahali pamoja kwa njia mbili. Kijana aliyetoka shule huwacheka wote wawili. Vivyo hivyo huwacheka wasemao "vitu yangu" au "watu ya Kitale", ingawa Kiswahili hicho cha bara kina kanuni zake, na ndicho kilichofanya kazi mashambani tangu zama za walowezi.

Kicheko hiki kina gharama. Chukua mfano wa kamati ya maji yenye watu kumi na wawili. Mama mmoja wa makamo anajua kisima kipi hukauka mwezi wa Januari, maana ndiye achotaye. Kiswahili chake ni cha sokoni. Katibu ni mwalimu, na kumbukumbu za mkutano huandikwa kwa Kiswahili cha shule au kwa Kiingereza. Mama huyo akichekwa mara moja, mara ya pili hunyamaza, na katibu huandika kwamba wajumbe wote walikubaliana. Kimya kimehesabiwa kuwa ridhaa. Kundi limekosa habari ambayo hakuna mjumbe mwingine aliyekuwa nayo, nalo litachimba mahali pasipofaa. Tofauti ya mama huyu haikuwa kizuizi cha kazi; ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Wako watakaouliza kama kutafsiri hakupotezi wakati. Hupoteza, na kikao hurefuka. Lakini tukumbuke jinsi Lulogooli lilivyopata kuandikwa. Emory Rees, Mmarekani, asingeweza kuitafsiri Biblia peke yake. Alifanya kazi hiyo pamoja na Joel Litu, Mlogooli. Hawakulingana kwa elimu wala kwa madaraka, na yafaa tuseme hivyo waziwazi. Hata hivyo kila ukurasa ulimhitaji kila mmoja kwa kile ambacho mwenziwe hakuwa nacho. Kiambishi -an- cha kutendana, kilichomo katika Kiswahili na pia katika lugha za Kiluhya, hudai watu wasiopungua wawili. Kamati ya Luluyia ilitaka kuelewana kwa namna ambayo mwishowe pangebaki mmoja tu.

Idara za lugha zina kazi ya kufanya hapa, hasa zile zilizo karibu, kama ya Chuo Kikuu cha Kibabii katika Bungoma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imeipa dola wajibu wa kukuza na kulinda wingi wa lugha za Wakenya, lakini wingi huo umechunguzwa zaidi katika kamusi na ngano kuliko katika vikao. Tunazo orodha za msamiati wa lahaja. Hatuna rekodi za kutosha za mikutano ya ushirika wa maziwa au ya vikundi vya akiba, zinazoonyesha nani hubadili lugha, wakati gani, na kwa ajili ya nani. Mtafiti akienda Kitale au Chwele na kinasa sauti, asiishie kuuliza kikao hutumia lugha gani, kwani atajibiwa "Kiswahili" na kufunga daftari. Na asikilize pale nyuma, kwenye benchi la mwisho, ambapo mjumbe mmoja humnong'onezea mwenziwe kwa Lubukusu au Kisabaoti yale yaliyosemwa mbele, kisha aangalie kama jibu la yule aliyenong'onezewa hupata kurudi mbele.