Je, Wajua? Chunusi ya Leo Ilianza Wiki Nane Zilizopita

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, ndiyo miezi ya joto kali kusini mwa Tanzania. Anayetoka Mkunya kwenda Newala mjini kwa bodaboda, au anayeteremka kutoka uwanda wa juu wa Makonde kwenda Masasi kwenye gari lililojaza kupita kiasi, hufika akiwa na uso unaong'aa mafuta, chumvi ya jasho kwenye panda za uso na vumbi jekundu lililoganda pembeni mwa pua. Kesho yake chunusi ikichomoza kwenye paji, vumbi la barabara ndilo hubebeshwa mzigo wote.

Vumbi linaonewa. Mzibo mdogo unaozaa chunusi hufanyika ndani ya kinyweleo, hauonekani kwa macho, na huweza kuchukua hadi wiki nane kabla ya kujitokeza juu ya ngozi. Safari ya jana ilichofanya ni kuchokoza kitu kilichokuwa tayari kipo. Akili ikikubali jambo hili moja, namna nzima ya kujikinga na kujitibu hubadilika.

Chunusi hutoka wapi?

Karibu kila kinyweleo cha mwili kina tezi ndogo ya mafuta pembeni yake. Viganja na nyayo havina tezi hizo, ndiyo maana hakuna anayeota chunusi kiganjani. Usoni hali ni tofauti: sentimita moja ya mraba huwa na tezi kati ya 400 na 900. Mafuta yake hulainisha ngozi na kuizuia isipoteze maji.

Balehe ikifika, homoni za androjeni huongezeka, kwa wavulana na kwa wasichana pia, nazo huziamuru tezi zikue na kutoa mafuta zaidi. Wakati huohuo chembe za ngozi zilizokufa, ambazo kwa kawaida hupukutika zenyewe, hung'ang'ania ndani ya kinyweleo na kuchanganyika na mafuta hayo. Mzibo umepatikana. Mdomo wa kinyweleo ukibaki wazi, utaona kidoa cheusi, hasa puani. Weusi huo si uchafu. Ni rangi ya asili ya ngozi pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa, na ndiyo maana hautoki hata uoge mara ngapi. Mdomo ukiziba kabisa, hutokea kipele kidogo kigumu, chenye rangi ya ngozi au cheupe kidogo.

Hapo ndipo bakteria aitwaye Cutibacterium acnes anapopata nafasi. Hadi mwaka 2016 wanasayansi walimwita Propionibacterium acnes. Yumo kwenye ngozi ya kila mtu, mwenye chunusi na asiye nazo, na hustawi pale pasipo na hewa na penye mafuta tele. Anapozaliana ndani ya mzibo, kinga ya mwili hupeleka askari wake. Wekundu, uvimbe, maumivu na usaha ni matokeo ya vita hivyo.

Kwa hiyo zile kauli za vijiweni kwamba kijana ana chunusi kwa sababu ni mchafu, au kwamba zitakwisha akioa, hazina msingi wowote. Kijana anayesuguliwa na maneno hayo huishia kusugua uso wake kwa sabuni ya kufulia, na ngozi iliyochubuka hupata uvimbe zaidi.

Joto, jasho na kofia ya bodaboda

Mwaka 1970 watafiti wa Uingereza walipima mafuta yanayotoka usoni huku wakibadilisha joto la ngozi. Waligundua kwamba ngozi ikipanda joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, mafuta yanayofika juu huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mafuta ya moto huwa mepesi, hivyo hutiririka haraka. Ngozi ikipanda nyuzi tatu kwenye kiti cha dirishani upande wa jua, hesabu unaweza kuimaliza mwenyewe.

Jasho nalo lina kazi yake, ingawa hutoka kwenye tezi nyingine kabisa. Ngozi ikiloa muda mrefu, kuta za kinyweleo hunyonya maji, huvimba, na tundu la kutokea mafuta hupungua upana. Mafuta yanakuja kwa wingi zaidi, na njia imekuwa finyu zaidi.

Kisha kuna msuguano. Mwaka 1975 madaktari wa Marekani, Otto Mills na Albert Kligman, walieleza aina ya chunusi inayoletwa na mgandamizo, joto na kusuguliwa: kamba ya kofia chini ya kidevu, mikanda ya mkoba mgongoni, nguo inayobana. Mwangalie dereva wa bodaboda akivua kofia baada ya safari ndefu. Kwenye paji kuna mstari uliobonyea pale sponji ilipokaa, na vipele vingi vimejipanga hapo hapo. Igeuze na kofia unayopewa wewe abiria uitazame ndani: sponji imekuwa nyeusi kwa mafuta ya nywele, jasho na vumbi la abiria wote walioivaa kabla yako. Suluhisho si kuiacha. Sheria inamtaka dereva na abiria wavae, na chunusi hupona ilhali fuvu lililopasuka ni habari nyingine. Funga kwanza kitambaa chepesi cha pamba kichwani, kifuliwe kila siku. Dereva naye afue sponji ya kofia yake kwa sabuni na kuianika juani.

Hata hivyo joto peke yake si mzazi wa chunusi. Mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, mahali penye joto na unyevu mwingi. Watu 1,200 walikaguliwa ngozi, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na chunusi. Chakula chao kilikuwa viazi, magimbi, samaki, nazi na matunda, pasipo sukari wala unga wa kiwandani. Urithi wa damu huenda nao una mchango, lakini jaribio la Australia la mwaka 2007 liliongeza uzito upande wa chakula: vijana waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka walipungukiwa na chunusi ndani ya wiki 12. Soda mbili za baridi stendi ya Masasi hukata kiu, ila usoni hazikusaidii.

Salfa ya mikorosho na mafuta ya ganda

Kila mkulima wa Newala anaijua salfa. Kuanzia katikati ya mwaka, mikorosho inapochanua, unga wa njano hupulizwa shambani kuua ubwiriunga. Wachache wanajua kwamba salfa hiyohiyo ni miongoni mwa dawa kongwe za ngozi duniani. Ikichanganywa kitaalamu kwenye losheni au sabuni, kwa kiwango kisichozidi asilimia 10, hukausha mafuta, hulegeza chembe zilizokufa na kudhoofisha bakteria.

Korosho yenyewe ina kisa kingine. Mwaka 1991 watafiti Masaki Himejima na Isao Kubo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo ya kupima mafuta ya ganda la korosho dhidi ya vijidudu mbalimbali. Asidi ya anakadi iliyomo ndani yake ilimuua bakteria wa chunusi kwenye vyombo vya maabara.

Lakini maabara si uso wa mtu. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua mafuta yale yanavyounguza ngozi hadi kuibambua. Salfa ya shambani nayo haikutengenezwa kwa ajili ya mwili. Huwasha macho na kuchubua ngozi. Usijipake kimoja wala kingine. Ukitoka kupuliza, nawa uso na shingo, kisha badili shati.

Kabla ya kununua dawa, hakikisha ni chunusi

Si kila kipele cha msimu wa joto ni chunusi. Harara ni vipele vidogo vinavyochoma, hutokea shingoni, kifuani na mgongoni pale mirija ya jasho inapoziba. Hupungua mwili ukipoa. Kuna pia fangasi aitwaye Malassezia, anayeleta vipele vidogo vinavyolingana ukubwa na vinavyowasha sana, kwenye paji, kifua na mgongo. Huyu huhitaji dawa ya fangasi kama ketokonazoli, na antibaiotiki zinaweza kumpa nafasi ya kuenea. Wanaume wenye ndevu za kujisokota hupata vipele vya kidevuni vinavyotokana na nywele kurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa. Ishara ya chunusi halisi ni vile vidoa vyeusi na vipele vilivyoziba, vikiwa vimechanganyika na vipele vya usaha vya ukubwa tofauti.

Dawa zinazofanya kazi

Kwa chunusi za kawaida, dawa ya kuanzia dukani ni benzoili peroksidi. Huua bakteria kwa njia ambayo hawajaweza kuizoea. Asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na asilimia 10, na haiunguzi kama hiyo kali. Ipake usiku, uso ukiwa mkavu, na ulalie kitambaa cheupe, kwa kuwa huchujua rangi ya kanga na foronya. Asidi ya salisili ya asilimia 2 husaidia kuzibua vinyweleo. Adapaleni na tretinoini huzuia mzibo usijitengeneze. Hizi nazo ni za usiku, na mjamzito hapaswi kuzitumia. Paka eneo zima linalopata chunusi, si kipele kimoja kimoja, kwa sababu kipele cha mwezi ujao tayari kiko chini kinajiandaa. Subiri wiki sita hadi kumi na mbili kabla ya kutoa hukumu. Wengi huacha wiki ya pili wakisema dawa haifai.

Chunusi kubwa, zenye uvimbe wa ndani na zinazoacha makovu, ni za daktari. Anaweza kuandika doksisaiklini, ambayo haimfai mjamzito, au isotretinoini, dawa yenye nguvu sana ambayo husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Hizo hazinunuliwi kwa kuambiwa na rafiki.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye vile vitubu vya bei rahisi vinavyochanganya dawa ya fangasi, antibaiotiki na steroidi kali kama klobetasoli. Siku tatu za kwanza uso hulainika, kila mtu anakusifu. Baadaye ngozi hukonda, mishipa huonekana, na chunusi mpya huzuka kwa mamia, safari hii zikiletwa na steroidi yenyewe. Mkorogo una mkondo huohuo: Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini mtu anayetafuta kufuta madoa ya chunusi hujikuta anaununua kwa siri. Madoa hayo ni kawaida kwa ngozi nyeusi, kwani kila uvimbe huiacha ikitoa rangi zaidi, na hufifia yenyewe kwa miezi. Kinachoyaongeza ni kuminya. Kuminya husukuma usaha ndani zaidi, na kwa baadhi ya watu huacha kovu linalovimba na kukua kuliko kipele chenyewe.

Ratiba ya msafiri

Uwanda wa Makonde una sifa ya shida ya maji tangu zamani. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika jinsi maji yalivyokuwa mbali na makazi. Hata leo, mahali ambapo dumu la maji hununuliwa, kumwambia mtu anawe uso mara tano kwa siku ni kumkejeli. Habari njema ni kwamba uso hauhitaji mara tano. Mara mbili zinatosha, asubuhi na jioni, kwa bakuli moja la maji na sabuni laini ya kuogea, vidole vikipita taratibu bila dodoki wala brashi.

Kabla ya safari, usijipake mafuta mazito usoni. Tafuta losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji. Njiani, beba leso safi na ufute jasho kwa kugandamiza, bila kusugua. Mtandio au ushungi uwe wa pamba, na wa jana usivaliwe leo. Ukifika, nawa au futa uso kwa kitambaa chenye maji, halafu ndipo ushike simu na kupiga stori. Ndimu, dawa ya meno na spiriti ziache. Huunguza na kuacha doa jeusi kuliko lile ulilokuwa unalifukuza.

Zikikuzidi, usione haya kwenda hospitali, iwe ya wilaya Newala, Mkomaindo ya Masasi au Ndanda. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi mahali pasipo na madaktari bingwa. Chunusi ni ugonjwa wenye tiba kama ugonjwa mwingine wowote, na anayewahi kutibiwa ndiye anayebaki bila kovu. Mzazi, mwanao akianza kujificha uso, mpeleke kabla hajaenda kuununua mkorogo mwenyewe.