Bustani Katika Nasari: Watoto Wetu Wale Nini, Wajifunze Nini



Kila alfajiri king'ora kinapolia, mama mchuma chai ana mambo matatu ya kufanya kabla nyapara hajaita majina: kuwasha moto, kumwosha mtoto, na kumpeleka mtoto huyo mahali pa kukaa mpaka jioni. Mwenye bahati humpeleka nasari ya kambi. Asiye na bahati humwacha kwa dada yake wa miaka tisa, ambaye naye alipaswa kuwa shuleni. Baba aliyekuwa zamu ya usiku kiwandani hurudi nyumbani mtoto akiwa ameshaondoka.

Mara nyingi tumezungumza juu ya mshahara, likizo, mabuti na matibabu. Leo tunazungumza juu ya bakuli la mtoto. Huyo anayekaa nasari tangu asubuhi mpaka jioni anakula nini? Na je, nasari hiyo inaweza kumfundisha chakula kinatoka wapi, kwa tuta na chungu badala ya maneno matupu? Tusiseme hili ni jambo la akina mama peke yao. Ni jambo la mfanyakazi, kwa kuwa mtoto mgonjwa ni siku ya kazi iliyopotea na deni dukani.

Kushiba si kulishwa

Wazee wetu katika zahanati walitufundisha kwamba vyakula ni vya aina tatu: vya kutia nguvu, kama mahindi, muhogo na matoke, vya kujenga mwili, kama maharage, karanga, samaki, mayai na maziwa, na vya kulinda mwili, yaani mboga za majani na matunda. Mtoto anayepewa uji wa mahindi na sukari asubuhi, na posho yenye mchuzi mwepesi mchana, ameshiba. Lakini amepata aina ya kwanza tu. Tumbo limejaa, mwili haukujengwa.

Matokeo yake huonekana polepole, ndiyo maana hatushtuki. Mtoto anakuwa mfupi kuliko umri wake, anashikwa na kila homa inayopita, na darasani anachelewa kushika mambo. Hiyo ndiyo tunayoiita kudumaa. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Uganda mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika eneo la Tooro idadi ilikuwa karibu 41 katika 100. Na Tooro ni nchi ya namna gani? Ni nchi ya migomba, maharage na ng'ombe, na ni nchi ya mashamba makubwa ya chai. Basi si kwamba chakula hakuna. Chakula kipo, ila hakifiki kwenye bakuli.

Kwa nini hakifiki? Tusiwalaumu akina mama. Aishiye kambini hana ardhi ila kipande kidogo nyuma ya nyumba. Anayetoka kazini jioni hupika kilicho rahisi. Mwenye kuku huuza mayai ili anunue sabuni. Na vijana wengi waliozaliwa kambini hawakuonyeshwa mboga ambazo bibi zao walizijua kwa majina.

Somo la Mulago

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Mulago, Kampala, walikuwa wakitibu watoto wenye kwashakoo kwa maziwa ya unga. Watoto walipona. Lakini wazazi waliyaona maziwa yale kama dawa ya hospitali, si chakula, na waliporudi nyumbani hawakuwa na njia ya kuyapata. Mtoto alirudia chakula kile kile kilichomuuguza.

Ndipo mwaka 1965 ikafunguliwa hapo Mulago sehemu ya lishe iitwayo Mwanamugimu, jina lililotoka katika methali ya Waganda. Hapo mama hakupewa unga wa kigeni. Alionyeshwa jinsi ya kumponya mwanawe kwa vitu vya shambani kwake: matoke au viazi, pamoja na maharage au karanga zilizosagwa, na mboga, vyote vikipikwa pamoja. Mchanganyiko huo huitwa kitobero. Mama aliporudi kijijini alirudi na ujuzi ambao hauishi kama unga unavyoisha.

Somo la Mulago ndilo tunalolihitaji katika nasari zetu. Msaada wa unga ukija tuupokee, lakini siku gari lisipokuja, mtoto atakula nini?

Bustani isiwe adhabu

Mwaka 2006 wilayani Mukono, vijana wawili wa Uganda, Edward Mukiibi na Roger Serunjogi, walianzisha mradi wa bustani za shule uitwao DISC. Ulifikia shule 15, zikiwamo shule za watoto wadogo, za kutwa na za bweni. Waliona jambo ambalo sisi sote tuliosoma tunalikumbuka: shuleni, jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alipelekwa kulima, aliyepiga kelele alipelekwa kulima. Basi mtoto alikua akijua kwamba kulima ni kazi ya mkosaji na aliyeshindwa masomo. Vijana hao waligeuza jambo hilo: bustani ikawa mahali pa kujifunza na kufurahi, mboga za asili zikapandwa, na wanafunzi wakala walichopanda. Mwezi wa Julai 2022 Mukiibi alichaguliwa kuwa rais wa chama cha kimataifa cha Slow Food, chenye asili yake Italia, akishika nafasi ya Carlo Petrini aliyekiasisi. Kijana wa bustani za shule amefika mbali.

Kinachotakiwa

Nasari ya watoto arobaini haihitaji ekari. Matuta manne au matano, yenye upana ambao mtoto anaweza kufika katikati bila kukanyaga udongo, yanatosha kuanzia. Penye uhaba wa ardhi, gunia lililojazwa udongo na samadi iliyooza, lenye matundu ubavuni, huzaa mboga nyingi.

Mtoto mdogo hana subira. Akipanda leo anataka kuona kesho. Kwa hiyo tuanze na mchicha, yaani dodo, unaochumwa baada ya wiki tatu au nne, na kunde kwa majani yake. Nakati na sukuma wiki hufuata baada ya miezi miwili hivi. Maharage huchukua karibu miezi mitatu, na viazi vitamu miezi minne au mitano. Mpapai mmoja penye kona utawatunza wadogo zao mwaka ujao.

Viazi vitamu vya rangi ya machungwa visikose. Rangi hiyo ndiyo alama ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumpa mtoto nguvu ya kupigana na maradhi. Mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga, alitumia miaka mingi kuzalisha mbegu za viazi hivyo zinazofaa udongo na magonjwa ya huku kwetu. Aina za Kabode na Vita zilitolewa mwaka 2007. Mwaka 2016 yeye na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Bwana shamba wa wilaya aulizwe marando yanapatikana wapi.

Watoto wafanye nini? Wa miaka mitatu amwagilie kwa kikopo na aseme hili ni jani, hii ni mizizi. Wa miaka minne ahesabu mbegu: moja kila shimo. Wa miaka mitano apime mmea kwa kijiti kila Ijumaa. Wa miaka sita achume, aoshe na kumsaidia mpishi kuchambua. Nusu saa kwa siku inatosha, asubuhi kabla ya jua kali. Hapo wamejifunza hesabu, rangi na subira bila kuchapwa.

Na kambi zetu zina utajiri ambao hatuuhesabu. Katika mstari mmoja wa nyumba wanakaa watu kutoka Kigezi, West Nile, Rwanda, Burundi na Kongo. Kila mzazi alete mbegu moja ya kwao na amfundishe mwalimu jina lake na namna ya kuipika. Watoto watajua mboga nyingi, na watajua pia kwamba jirani si mgeni.

Jikoni

Mboga isichemshwe mpaka igeuke rangi ya matope. Ipikwe kwa muda mfupi, ikiwa na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mukene waliokaushwa wasagwe na kutiwa katika mchuzi. Karanga zisagwe pia, maana mtoto mdogo anaweza kupaliwa na karanga nzima. Karanga au mahindi yenye ukungu yatupwe, wasipewe hata kuku. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika mahindi.

Na neno moja kwetu sisi watu wa chai: watoto wasipewe chai pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga yasiingie mwilini, na mtoto akikosa chuma hupungukiwa damu. Badala yake apewe kipande cha chungwa au papai, ambacho husaidia chuma hicho kiingie.

Mambo ya kuangalia

Bustani isiwe kando ya shamba linalopigwa dawa, wala mahali ambapo maji ya mvua kutoka shambani hupita. Kopo au mtungi uliokuwa na dawa usitumike kumwagilia wala kuchotea, hata ukioshwa mara kumi. Mpiga dawa avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Samadi mbichi isitumike kwenye mboga. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Kuna na ugonjwa mwingine wa bustani: kusahauliwa. Katika shamba moja tulilotembelea tulionyeshwa bustani nzuri mwezi wa Novemba. Tuliporudi Februari tulikuta majani makavu. Nasari ilifungwa kwa likizo ya Desemba na hapakuwa na mtu wa kumwagilia. Mpango usiotaja nani atamwagilia wakati wa likizo si mpango.

Na ukweli usemwe: kudumaa huanza mapema, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Anayeingia nasari ana miaka mitatu. Basi bustani ikiishia ndani ya ua wa nasari, imemkosa mdogo wake aliye mgongoni mwa mama. Ndiyo maana kila mtoto apewe miche na marando ya kupeleka nyumbani, na kila mwezi wazazi waitwe kupika pamoja, akina baba wakiwamo.

Kazi ya chama

Hapa ndugu wengine watauliza: je, tajiri hatasema, "Mna bustani sasa, kwa nini mnadai nyongeza?" Swali hili ni la haki, na jibu letu ni fupi. Bustani ya nasari haipunguzi hata senti moja ya mshahara. Mboga humlinda mtoto. Hailipi ada, hainunui nguo. Mtu yeyote akileta bustani mezani kama badala ya mshahara, tukatae.

Vile vile mtoto asigeuzwe kibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilikataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 12. Kumwagilia tuta la mchicha ni masomo. Kuchimba ekari ya mahindi ya kuuzwa ni kazi ya watu wazima wenye ujira.

Nchini India, sheria ya mashamba makubwa ya mwaka 1951 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi wanawake 50 au zaidi waweke mahali pa kulelea watoto. Hayo hayakuja yenyewe, yalidaiwa. Nasi matawi yetu yanaweza kuweka haya katika mapatano ya pamoja:

1. Kipande cha ardhi cha kudumu karibu na nasari, kilichoandikwa, kisichoweza kuchukuliwa siku chai inapopanda bei.
2. Bomba au tangi la maji safi.
3. Mpishi na mwalimu wanaolipwa kama wafanyakazi wengine, pamoja na mtu wa zamu wakati wa likizo.
4. Mwajiri kutoa maharage, mafuta na kuni, kwa kuwa matuta matano hayawezi kulisha watoto arobaini peke yake.
5. Kamati ya wazazi, wanaume na wanawake, inayoshika daftari la kilichopandwa, kilichochumwa na kilicholiwa.

Ndugu, hatuombi sadaka. Sisi ndio tunaochuma majani yanayonywewa ng'ambo na kukata miwa inayotia utamu katika chai ya watu. Si haki mtoto wa mikono hiyo adumae katikati ya ardhi yenye rutuba. Katika mkutano ujao wa tawi, kabla ya mengineyo, swali hili liulizwe kwa sauti: leo watoto wetu wamekula nini nasari? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na kazi ianzie hapo.

Umoja ni nguvu.